Ombi la Saa Sita

Wale wanaume wawili waliingia dukani kwa Gikonyo saa nne asubuhi, Jumanne, na hawakununua kitu. Mtu anayeingia duka la chakula cha mifugo pale Kimumu huwa na haraka. Ng'ombe wamelala njaa, au kuku wameanza kukohoa, au ametumwa na tajiri wake na bodaboda inamngoja nje. Hawa hawakuwa na haraka yoyote. Mmoja alianza kupapasa magunia ya dairy meal kama anayechagua godoro. Mwenzake, aliyevaa raba nyeupe pe, alisimama mbele ya kaunta akatabasamu.

"Habari ya kazi, mzee."

"Nzuri. Niwape nini?"

"Tunatafuta Waiyego."

Gikonyo alikuwa na kikombe cha kupimia chumvi ya ng'ombe mkononi. Alikiweka chini polepole. "Binti yangu ako shule. Mnamtakia nini?"

"Kuongea tu. Kama angekuwa na makosa si tungekuja na pingu?" Wa raba nyeupe alicheka peke yake. "Shule hayuko, mzee. Tumetoka huko. Hosteli hawajamwona tangu Jumapili. Na simu yake alizima jana saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, akiwa nyumbani kwako. Sasa wewe unatuambia shule."

Gikonyo alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mzee wa kanisa, na hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu huandika dakika ambayo mtoto wa mwenzake amezima simu. Alishika kaunta.

"Nyinyi ni akina nani?"

"Sisi ni watu wa kazi. Hebu tuone simu yako."

Ndani ya duka kulikuwa na wateja watatu. Walimwona akiitoa simu mfukoni mwa koti, walimwona akiambiwa aweke kidole ili ifunguke, na walimwona akikiweka. Wa raba nyeupe aliegemea kaunta akaanza kusoma, na kwa kuwa dunia haiishiwi watu wenye roho mbaya, akasoma kwa sauti.

"'Leta unga na ile dawa ya mgongo.' Sawa. 'Umefika salama, ua langu?'" Aliinua uso. "Ua langu! Mzee, kumbe bado uko na mistari!"

Yule wa magunia alicheka mpaka akajifuta macho. Mteja mmoja naye alicheka kidogo, kwa woga tu, kisha akaona aibu na kutoka nje bila dawa ya kupe aliyoijia. Gikonyo aliangalia sakafu. Maneno yale alimwandikia mkewe siku alipokwenda kumzika shangazi yake huko Nyahururu, na hakuwa na habari kwamba siku moja yangesomwa mbele ya watu kama matangazo ya mazishi redioni.

Hawakupata walichotaka. Walimrudishia simu wakamshukuru kwa adabu, na yule wa raba nyeupe akamwambia, akiwa mlangoni, kwamba yeye pia ni mzazi.

*

Kosa la Waiyego lilikuwa hili. Orodha ya wanafunzi waliopewa basari ya wadi ilibandikwa ukutani kwenye ofisi moja, kwa maandishi madogo yasiyosomeka, kisha mvua ikainyeshea. Waiyego, ambaye yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kule upande wa Kesses na anasomea mambo ya kompyuta, alikuwa ameipiga picha kabla ya mvua. Aliichapa yote, akaiweka kwenye mtandao mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuandika jina na kuona. Watu wakaandika majina yao. Wakakuta wamepewa pesa ambazo hawajawahi kuziona. Mama mmoja alimkuta mwanawe aliyemzika miaka miwili iliyopita akiwa kidato cha tatu, amelipiwa karo. Kwa siku nne watu laki moja waliufungua ukurasa ule, na mheshimiwa wa wadi akanukuliwa akisema kuna watoto wanatumiwa na maadui wa maendeleo.

Jumatatu alfajiri msichana alikuja nyumbani. Alizima simu, akaiacha kwenye kabati la vyombo, akawaeleza wazazi wake kwa upole, kama mwalimu wa chekechea, jinsi ya kuishi.

"Mum, msinipigie. Msinitumie pesa kwa namba yoyote. Msitaje jina langu kwa simu, hata mkiongea nyinyi wawili. Hizi vitu zinasikika. Na nisiende kwa auntie Kabura, Burnt Forest ndio wataangalia kwanza."

"Sasa uende wapi?" mama yake, Nyaguthii, aliuliza.

Jibu lilitoka kwa Jerop, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuja kuleta maziwa akakuta watu wanalia. Jerop ni mtu wa maneno machache. Alisema mama mkwe wake anaishi peke yake Moiben, ana shamba la mahindi na ng'ombe watatu, na hana simu ya maana. Mumewe Jerop, Kipkorir, huenda kule kila siku ya pili kuchukua maziwa kwa pikapu. Nani angetafuta mtoto wa Gikonyo kwa bibi wa Kikalenjin asiyejua Kiswahili vizuri?

"Gogo atafurahi," Jerop alisema, akimwita kama Wakalenjin wanavyomwita nyanya. "Anapenda mtu wa kumsaidia kukamua."

Waiyego aliondoka saa tatu asubuhi, amelala chini ya turubai katikati ya mitungi mitupu. Watu wanne tu ndio waliojua, pamoja na gogo mwenyewe watano.

*

Jumanne jioni Gikonyo alimsimulia mkewe habari za dukani, lakini ile ya ua langu aliiruka. Nyaguthii aliisikia Jumatano kwenye kibanda cha mboga, kutoka kwa mwanamke aliyeisikia kwa mwingine, na alipoisikia alilia pale pale mbele ya sukuma wiki. Hakulia kwa aibu. Alilia kwa sababu alimpenda mumewe na walikuwa wamemvua nguo.

Wateja walipungua. Waliokuja walinunua haraka huku wakitazama barabarani. Gari jeupe lenye vioo vyeusi lilianza kuegeshwa mbele ya kinyozi, mkabala na duka, na kinyozi akasema wanaoketi ndani hawajawahi kushuka kunyoa. Gikonyo alianza kuzima simu yake kila anapotaka kusema na mkewe, kisha akaanza kuifunika kwa mto, kisha wakawa wanasemea uani huku maji ya mfereji yakitiririka kwenye karai. Wakaacha hata hilo. Walikuwa wanakula kimya kama watu waliogombana.

Nyaguthii hakuzoea kunyamaza. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mwanachama wa kundi la maombi la akina mama wa kanisa lao, na tangu kundi lihamie WhatsApp, kila siku saa sita mchana alikuwa akijifungia chumbani na kuomba pamoja nao. Mtu anatuma ombi kwa sauti, wengine wanajibu kwa sauti, wengine wanaandika amina. Ndivyo mguu wa Mama Austine ulivyoombewa ukapona, na ndivyo kesi ya shamba la akina Wanyama ilivyoombewa ikaisha. Na Pasta Mulongo alikuwa amewafundisha kuomba kwa kutaja. Usiseme Bwana nibariki. Sema unataka nini, lini, na wapi. Ombi lisilo na jina, alikuwa akisema, ni barua isiyo na anwani. Akina mama walilipenda neno hilo sana na walikuwa wakikumbushana.

Kundi lilianza na akina mama thelathini. Kisha kiungo cha kujiunga kikawekwa kwenye mabango ya mkutano wa injili, ili wanaoteseka majumbani wapate pa kushika. Sasa walikuwa mia mbili na kumi na wanne, na zaidi ya nusu walionekana kwa namba tu.

Alhamisi Nyaguthii alikuwa kwenye siku yake ya tatu ya kufunga. Saa sita ilipofika alipiga magoti kando ya kitanda akaweka simu juu ya blanketi. Alikumbuka vizuri alichoambiwa na binti yake. Asipige simu, na hakupiga. Asitaje jina kwa simu. Lakini hii kwake haikuwa simu. Hapa palikuwa madhabahuni, na mtu hawezi kwenda madhabahuni akaanza kumficha Mungu jina la mtoto aliyepewa na yeye mwenyewe.

Akabonyeza.

"Bwana asifiwe wapendwa. Ni Mama Waiyego wa Kimumu. Naomba mnishike mkono, binti yangu Waiyego anawindwa na watu na hajaiba, hajaua, amesema ukweli tu. Baba, mfunike." Hapo machozi yalimzidi, akasahau kundi, akawa anasema na mtoto wake tu. Alimwita maitu, yaani mama, kama Wakikuyu wanavyomwita binti aliyerithi jina la nyanya yake. "Maitu, usiogope. Ni mimi. Ni mama yako. Niko hapa na wewe, sijakuacha. Usiogope, maitu, njoo kwa mama."

Alituma. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kifua chake kilifunguka. Amina zikaanza kumiminika, na vijipicha vya mikono ya dhahabu iliyokunjwa, na Mama Austine akaomba kwa dakika nne nzima akilia.

Kisha likaja andiko kutoka kwa namba isiyo na jina, yenye picha ya njiwa mweupe. "Pole sana mama. Tunasimama na wewe. Tutajie ako wapi ili tuombe kwa shabaha. Tusitume barua isiyo na anwani."

Nyaguthii alisita. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake, alisita. Alimtazama yule njiwa mdogo mweupe. Lakini maneno yalikuwa ya Pasta, na wawili watatu walikuwa wameshaandika chini yake, "kweli kabisa, tutajie," na tumbo lilikuwa tupu, na moyo ulikuwa umejaa shukrani inayotaka kutoka. Akabonyeza tena.

"Ako Moiben, wapendwa. Kwa gogo mmoja, mama mkwe wa jirani yangu wa maziwa. Mungu ambariki huyo gogo. Amempokea mtoto wangu kama wake na hata kabila si moja."

Amina, wakasema. Amina, amina.

*

Ijumaa asubuhi Sylvia, mwanamke mnene mwenye furaha anayefuga kuku wa mayai, aliingia dukani kununua chakula cha kuku. Alilipa, akaubeba mfuko, akageuka mlangoni.

"Baba Waiyego, tunaomba sana juu ya mtoto. Na usijali, Moiben ni kuzuri. Ni baridi tu kidogo, na baridi haiui mtu."

Gikonyo alifunga duka bila kuondoa ndoo zilizokuwa nje. Alikimbia, mzee wa kanisa, mita mia tano za barabara ya vumbi, na gari jeupe halikuwa mbele ya kinyozi. Alipoona halipo, alikimbia zaidi.

Mkewe alikuwa akifua. "Umesema Moiben?"

"Nani?"

"Wewe! Umeambia nani Moiben?"

Nyaguthii alisimama, povu likimtiririka viwikoni. "Sijaambia mtu. Nilisema kwa maombi."

"Kwa simu!"

"Si kwa simu, Baba Waiyego. Kwa maombi. Kwa akina mama."

Gikonyo alimsogelea. Alitaka kumpiga, naye hakuwa amewahi kumpiga. Alitaka kumkumbatia, na hilo nalo hakuliweza. Mwishowe alisema tu, "Lete."

Walikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni wakaifungua simu pamoja. Nyaguthii alikuwa ameonyeshwa zamani na Waiyego namna ya kubonyeza ujumbe ili uone nani ameusikiliza. Akabonyeza. Watu mia moja sitini na watatu. Majina yakapanda na kupanda chini ya kidole chake: Mama Austine, Sylvia, mke wa Pasta, kisha namba, namba, namba. Namba yenye picha ya mtoto wa kizungu. Namba yenye maua. Namba yenye gari. Kila mmoja ameandikiwa saa yake na dakika yake. Alikuwa ameomba na watu hawa kwa miaka na sasa alikuwa anawaogopa wote, mmoja mmoja, hata waliompikia alipofiwa.

"Futa," Gikonyo alisema.

Alijaribu. Simu yake ya zamani ikamwambia inaweza kufuta kwake peke yake.

"Huyu wa njiwa ndiye aliniuliza," alisema. "Huyu wa njiwa ni nani?"

Walimtafuta. Aliyeuliza alikuwa ameondoka kwenye kundi jana, saa saba na robo. Hakuna aliyemuuliza anaenda wapi. Chini yake palikuwa na mtu anayeombea mtihani wa mwanawe.

*

Jerop aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake, kitambaa cha kuchujia maziwa mkononi. Hakupiga kelele, na Nyaguthii angeshukuru kama angepiga.

"Ulitaja gogo?"

"Sikutaja jina."

"Mama mkwe wa jirani wa maziwa. Kimumu hii, Mama Waiyego, wewe uko na majirani wangapi wa maziwa?"

"Jerop, nisamehe."

"Nilikupa mama ya mume wangu," Jerop alisema, na hilo ndilo neno pekee la lawama alilosema siku ile. Alimpigia gogo mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa, lakini simu ya gogo huzimwa siku tano kwa wiki, kwa kuwa huipeleka senta kuchajiwa akikumbuka. Kipkorir alikuwa ndiyo kwanza anapakia mitungi. Leo ilikuwa zamu ya kwenda.

Gikonyo alibaki ili nyumba isikutwe tupu mtoto akirudi. Nyaguthii alikaa katikati ya Kipkorir na Jerop kwenye pikapu. Mahindi yalikuwa yamesimama kijani kibichi pande zote mbili, marefu kupita mtu. Njiani alichungulia vioo vya kila gari jeupe lililowapita. Aliomba, lakini aliomba mdomo umefungwa, bila kutaja jina wala mahali, na aliona kama haombi.

Simu yake ilitetemeka mara kadhaa. Ilikuwa inakaribia saa sita, na akina mama walikuwa wanaulizana nani ana ombi.

Walikuta lango la gogo liko wazi. Ng'ombe walikuwa malishoni, nyasi imekatwa vizuri, moshi unatoka jikoni. Hakuna kilichovunjwa. Gogo alitoka nje akijifuta mikono kwenye leso, mwanamke mrefu aliyekonda, macho yake yameanza kuingia ukungu, akacheka alipoitambua sauti ya pikapu. Nyaguthii alipoliona lile tabasamu, nguvu zilimrudia. Karibu apige vigelegele.

"Chamgei, chamgei," gogo alisema, akishika mikono yao mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Nyaguthii aliushika mkono wake kwa mikono miwili. "Wewe ndio mama ya msichana?"

"Ndiyo, gogo. Mimi ndiye mama yake. Asante sana, gogo, Mungu akubariki."

"Eeh! Sauti ni hii." Gogo alimgeukia Jerop kwa furaha. "Ni hii sauti. Mtoto alilala vizuri? Alifika?"

Kipkorir alisema kitu kwa Kikalenjin, haraka haraka. Gogo alimjibu kwa Kiswahili, kwa adabu, ili mgeni asikie.

"Jana. Jua ikienda. Gari nyeupe ilikuja hapo kwa fensi. Msichana alisikia gari, akakimbia akaingia mahindi. Mimi nikasema, wacha akae. Hao watu hawakuingia. Hawakuita. Hawakusema kitu." Alimgeukia Nyaguthii. "Halafu nikakusikia wewe. Ulikuwa unalia ndani ya gari. Macho yangu ni mbaya lakini masikio iko sawa. Ulisema, usiogope, ni mimi, mama yako, njoo kwa mama. Ulisema mara mingi, maneno ni hayo hayo. Msichana pia alisikia."

Jerop alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Alisimama huko kwa mahindi, anaogopa kidogo," gogo aliendelea, na sasa tabasamu lilikuwa linaanza kumtoka, kwa sababu alikuwa anaona nyuso zao, hata kwa macho yale. "Mimi nikamwita. Nikamwambia, toka mtoto, mama yako amekuja. Nilifungua lango mimi mwenyewe. Alikimbia. Alikuwa amefurahi sana, hata viatu alisahau."

Gogo aliubana mkono wa Nyaguthii.

"Kwani haikuwa wewe?"

Nyaguthii alimtazama bibi yule aliyekuwa akingoja aambiwe kwamba hakukosea.

"Ilikuwa mimi, gogo," alisema. "Ilikuwa mimi."